Siku Kaka Yako Alipokula Oti

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha kufulia nguo.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mumeo na wale pacha wako wasiotulia. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba ukiinama unainuka kwa awamu, nikacheka peke yangu kisha nikaona vibaya. Natumaini sasa unainuka kwa mara moja kama watu wengine. Mimi ni mzima. Sukari imeshuka, magoti yameacha kulalamika, na daktari wa zahanati juzi ameniambia niendelee hivyo hivyo.

Najua kaka yako ameshakupigia simu. Atakuwa amekuambia nimemlisha sumu. Mimi sikumlisha kitu, wifi. Alijilisha mwenyewe kwa mkono wake, kijiko baada ya kijiko. Mimi nilinyamaza tu. Kaa vizuri basi usikie na upande wangu, kwa sababu na wewe pia nina kesi nawe, na nitaifikia.

Unakumbuka jinsi mambo ya oti yalivyoanza. Muuguzi aliniambia nipunguze mkate mweupe asubuhi, nijaribu oti, ile nafaka ya uji inayouzwa kwenye pakiti. Siku ya kwanza nilizipika nikaona nimepika gundi ya kubandikia mabango. Lakini mimi mbishi, unanijua. Nikajifunza kuziloweka tangu jioni, asubuhi naziweka kwenye moto mdogo na chumvi kidogo, nakoroga bila haraka, na zikishalainika naziponda na ndizi mbivu na kutupia karanga juu. Sasa siku nisipozila naona kama nimetoka nyumbani bila viatu. Nikishamaliza bakuli langu napanda baiskeli ya kazi na lile kapu la mashuka mbele, napeleka nguo zahanati, narudi, napeleka nyumba za wageni, na njaa sijui hata imelala wapi. Zamani kabla ya saa nne nilikuwa natetemeka mikono, natafuta kitu kitamu kama mwizi jikoni.

Na unakumbuka kaka yako alisema nini. Siku ile tulikuwa na wageni mezani, wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu. Akasema mke wake sasa anakula chakula cha farasi, kisha akalia kama farasi. Wageni wakacheka, na wewe ukacheka, usikatae. Jina likanifuata hadi kazini. Mpaka leo wapiga pasi wananiita Farasi, na siku hizi naitika, maana wao hawana ubaya.

Tulipoachana akaondoka hapa, alichukua baiskeli yake ya mashindano, viatu vyake vya kubofya kwenye pedali, na redio. Mama yake akamwacha hapa kwangu. Sijawahi kulisema hili kwa kulalamika, na leo pia silalamiki. Mama nilimpenda kabla sijampenda mwanawe, na nilipokuwa narudi kazini nimelowa jasho na mvuke ndiye aliyekuwa ananifungulia mlango kabla sijabisha. Meno hana, oti anazipenda kuliko mimi. Asubuhi zetu zilikuwa ni sisi wawili, mabakuli mawili na umbea.

Sasa kesi yako ndiyo hii. Ulipoandika mwezi wa tatu kwamba Mama ni haki ya mwanawe, na kwamba mimi na kaka yako tukishaachana sina tena neno juu yake, niliisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kaka yako akapata nguvu. Akaja siku moja, kasimama katikati ya sebule yangu na nguo zake zile za kubana, akatangaza kwamba safari ya mlima ikipita atakuja kumchukua Mama. Akatangaza hivyo kama mtu anayezungumzia sanduku aliloliacha stesheni. Mama alikuwa anafuma, hakuinua kichwa. Mimi nikajiambia, bwana mkubwa, wewe utanikoma.

Huenda umesahau taratibu za lile kundi lao la Jumapili, basi nikukumbushe. Yeye ni nahodha wao kwa miaka mingi. Kwenye barabara tambarare hakuna anayeruhusiwa kumpita nahodha, hata akienda kwa mwendo wa konokono. Lakini mara moja kwa mwaka wanapanda mlima, na wakishapita kituo cha mafuta cha mwisho, unahodha unakoma. Kila mtu na mapafu yake hadi kwenye tangi la maji kule juu, na wa kwanza kuligusa tangi ndiye nahodha mpya. Siku hiyo pia mtu yeyote mwenye baiskeli anaruhusiwa kuja, hata asiye wa kundi. Nilipoomba kujiunga nao mwaka juzi alinikatalia mbele ya wenzake, akasema wao hawaburuzi mizigo. Ila siku ya mlima hawezi kumkataza mtu.

Nikaenda kwa fundi baiskeli. Nikamwambia aniondolee kapu na kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, aikaze breki na abadilishe mnyororo. Akaniangalia miguu, akasema kwa miguu hiyo kinachonichelewesha ni chuma tu. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Kumbe kaka yako alisikia. Watu walikuwa wameshaanza kusema mjini, yule mama wa kufua anapanda mwinuko wa zahanati na kapu limejaa, hashuki kwenye baiskeli. Basi siku moja kabla ya mlima akaja eti kumsalimia Mama, ana sauti ya asali. Akazungukazunguka, akagusa hiki, akagusa kile, mwishowe akaniuliza nakula nini. Nikamwambia ukweli. Oti. Akauliza nyingi? Nikamwambia nashiba. Akacheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa kwenye pakiti iliyokuwa rafuni, anasoma.

Alipotoka, Mama akaniambia bila kuacha kufuma: "Hujamwambia aloweke. Wala hujamwambia ale mapema." Nikamjibu ni mtu mzima, atajua.

Hakujua, wifi. Asubuhi ya mlima alisimama pale tunapokutana, ameegemea baiskeli yake, anakula oti kavu kutoka kwenye bakuli kubwa, amezimiminia maziwa ya baridi tu, anazitafuna anapiga soga na wenzake. Aliponiona akaninyanyulia kijiko. Alimaliza, akajaza tena. Kisha akanywa chupa nzima ya maji, tukaondoka. Mimi nilikuwa nimekula bakuli langu dogo alfajiri, limelainika kama uji wa mtoto, na mfukoni nilikuwa na vipande vya oti nilivyovigandisha na siagi ya karanga. Nilijua kabisa kwamba oti kavu zikinywewa maji juu yake zitavimbia tumboni mwake. Nilikaa nyuma ya kundi, nikasubiri kama anayesubiri maji yachemke.

Kituo cha mafuta tukakipita. Akatoka mbele kwa nguvu, suruali haigusi tandiko. Kona ya kwanza simwoni. Kona ya pili simwoni. Kona ya tatu nikamkuta ameshuka, ameshika chuma cha pembeni mwa barabara, amejikunja, kofia ya helmeti iko chini na uso umebadilika rangi. Wenzake wote walikuwa wamempita. Nikapunguza mwendo, wifi, nataka ulijue hilo. Akaniangalia akasema, "Umenifanya nini?"

Nikamwambia, "Uliniuliza nakula nini. Hukuniuliza nakula saa ngapi."

Nikapiga kengele, nikaendelea kukanyaga. Sikugeuka. Nisikudanganye kwamba moyo uliniuma. Moyo ulikuwa unaimba. Kila nilipokanyaga nilikuwa naona wale wageni mezani wakicheka, na ule mlima ukawa kama unanivuta wenyewe. Sikuwa wa kwanza. Mwoka mikate ndiye aliyeligusa tangi mbele ya wote, ndiye nahodha sasa, na wa pili alikuwa kijana wa benki. Waliobaki niliwapita mmoja mmoja, nikawa wa tatu, na baiskeli ya kubebea mashuka. Niliegemea lile tangi nikala vipande vyangu vya oti taratibu, nikiangalia barabara. Kaka yako hakufika. Gari la mikate ndilo lililomshusha hadi nyumbani kwake, kalala nyuma kati ya trei.

Ningependa barua iishie hapo. Ingekuwa barua nzuri sana.

Nilirudi nyumbani nimejaa maneno, nina hamu ya kumhadithia Mama. Nikamkuta ameketi kitandani, amevaa viatu, mkoba uko miguuni. Kaka yako alikuwa amepiga simu, analia kama mtoto kwamba tumbo linamuua. Daktari alishasema ni kuvimbiwa, apumzike siku mbili. Nikamwambia Mama hivyo. Akaniuliza kama yeye alinikumbusha nimwambie mwanawe au hakunikumbusha. Nikasema alinikumbusha.

"Ulijua, ukanyamaza," akasema. "Yule alikukosea, sikatai. Lakini ni mtoto wangu."

Akachukua fimbo yake na shali na ile sufuria ndogo ya kupikia oti zetu. Nilimbebea mkoba hadi chini. Hakunisukuma wala hakunigombeza, na ingekuwa heri angenigombeza.

Sasa ni wiki ya tatu. Tumbo limepona zamani, anaendesha tena, amepeleka habari kila mahali kwamba Mama amekwenda kwake mwenyewe kwa miguu yake. Na ni kweli, ndiyo inayonikera. Hakuhitaji hata kuja kumchukua. Nilimfungulia mlango mimi. Fundi baiskeli amewapitia pale, anasema kila asubuhi Mama anamwekea mwanawe bakuli mezani, oti zimelowekwa tangu jioni, zimepondwa na ndizi, chumvi kidogo, saa mbili nzima kabla hajatoka. Anakula oti zangu, wifi, zimepikwa na mama yangu. Na mwakani atapanda ule mlima kama mbuzi.

Mimi simwombi msamaha. Angeniuliza tena nakula nini, ningenyamaza tena, na ningepiga kengele mara mbili. Hilo unaweza kumfikishia neno kwa neno.

Msalimie mumeo, mwambie lile koti aliloniachia bado linanisaidia asubuhi za baridi. Wabusu pacha, na yule anayeogopa baiskeli mwambie mke wa mjomba wake alianza akiwa mzee. Msalimie Shangazi Mfupi, mwambie namuombea macho yake yapone. Mungu awatunze, aunyooshe mgongo wako, na chakula kisikose mezani kwenu.

Na Mama unampigia kila Jumapili, najua. Leo ukimpigia, mwambie mlango sasa naufungua mwenyewe kwa ufunguo, na bado sijauzoea. Mwambie kwa mwanawe sijutii, lakini kwake yeye najuta, na arudi. Wewe ni binti yake, atakusikiliza. Mimi haki sina, uliniandikia mwenyewe.

Ni mimi wifi yako, ambaye bado nakupenda hata nikikukasirikia,

Farasi