Majibu Niliyotoa Kuhusu Nyonga Yako

Sumbawanga, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha Mama kimepungua na baridi ya Suji haijawazidi. Mimi ni mzima, na wanafunzi wangu ni watundu kama kawaida. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu nimejaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za maharage.

Nina kosa, Baba, na naona aibu hata kuliandika. Ulipobadilishwa nyonga, daktari alisema chuma alichokuwekea ni kile kifupi, ili mfupa wako mwingi ubaki, endapo utahitajika baadaye. Alisema pia kwamba vyuma vya aina hiyo havijakaa miaka mingi miilini mwa watu, kwa hiyo wangekuwa wanakuulizia kila mwaka waone kinavyodumu. Kwa kuwa huko mlimani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, wakaandika namba yangu.

Basi kila mwaka muuguzi hunipigia. Mzee anatembea bila fimbo? Anavaa soksi mwenyewe? Anachuchumaa chooni? Paja linamuuma? Nilipaswa kukuuliza wewe. Lakini mtoto wa kike nianzie wapi kumuuliza baba yangu habari za paja na choo? Nikawa najibu mwenyewe, huku nasahihisha madaftari: anatembea, anavaa, hana maumivu. Miaka saba, Baba.

Wiki iliyopita Elisante alinipigia akiwa kwenye msaragambo, kijiji kizima kimeitwa kuzibua mfereji. "Dada, Baba amerudi nyumbani hata kazi haijaanza. Paja linamuuma tangu mwaka juzi, na sasa anachechemea. Alinikataza nisikuambie, eti utaacha kazi uje."

Kumbe wewe ulinificha mimi, na mimi nikawadanganya madaktari. Kweli mimi ni mwanao.

Nilimpigia muuguzi nikamweleza yote. Akasema, "Mwalimu, majibu yako daktari anayatumia. Wagonjwa wapya wakiogopa, anawaambia kuna mzee wa Upareni, huu mwaka wa saba, hana hata maumivu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kuna watu wamekubali kupasuliwa kwa kuamini uongo wangu.

Anasema maumivu yanayoanza baada ya miaka hayapuuzwi. Huenda chuma kimelegea, huenda ni jambo dogo, lakini bila kupigwa picha hakuna ajuaye. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa. Jumapili ijayo nitashukia Makanya, na Jumatatu twende wote hospitali. Elisante akuteremshe kwa gari, si kwa pikipiki. Tafadhali usibishe, najua unavyopenda kubisha.

Nisalimie Mama, na Shangazi wa pale juu kanisani. Elisante naye mwambie amefanya vema kuvunja amri yako.

Muuguzi atakupigia Ijumaa asubuhi kwa simu ya Elisante. Ukiona haya, waombe wote watoke nje, lakini usimjibu kwamba hujambo. Mimi alipofuta majibu yangu alinirudishia swali moja tu: mzee anavaa soksi mwenyewe?

Nikamwambia sijui. Hilo ndilo jibu la kwanza la kweli nililowahi kumpa.

Mwanao aliyekuonea haya mpaka akakuumiza,
Namkunda