Bikoni Nne za Kiwanja cha Hoteli

Sumbawanga,
Jumapili, 21 Novemba 1976

Mpendwa Dada Kalista,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha upepo wa ziwa kiwe kimekuachia. Shemeji Tadei mfikishie shukrani zetu, dagaa wake tuliwapata, ingawa kifurushi kilionekana kimefunguliwa na kufungwa tena. Dereva wa lori alikana. Mimi simwamini. Sisi huku hatujambo. Mama goti tu ndilo linamsumbua, lakini kanisani anafika kabla ya kengele. Mvua za kwanza zimeanguka.

Uliuliza kama ile hoteli ya mkoa imekwisha. Hoteli gani, Dada? Ukiingia ofisi ya Ardhi utaiona ukutani, ghorofa tatu, na pembeni yake sinema na bustani ya kupumzikia wananchi. Ukitoka nje unakutana na nyasi. Msingi wa sinema wanalala mbuzi wa Mzee Kasimiri, balozi wetu wa nyumba kumi. Lile duka la Mhindi lililochukuliwa na Serikali limefungwa mpaka leo, bati linapigapiga upepo ukija. Saruji tunaambiwa iko njiani. Mwaka wa tatu huu iko njiani!

Lakini ramani inaweza kukuumiza hata kama haijengi kitu. Kiwanja cha hoteli kinapakana na sisi, na barabara yake ilichorwa ikapita juu ya nyumba yetu, juu ya matofali ambayo Baba aliyachoma mwenyewe, ikamalizikia kwenye kaburi lake huko nyuma. Hilo sikukuandikia mapema kwa sababu sikutaka ukose usingizi. Mama alipoambiwa kwamba atahamishiwa kiwanja kingine Pito, alijibu kwamba labda wambebe pamoja na mumewe.

Mwezi wa Februari ndipo alipotokea Andwele. Ni kijana wa Tukuyu, mpima ardhi, amepanga chumba karibu na soko. Alianza kuja kwetu karibu kila siku. Anapiga magoti kabisa kumwamkia Mama shikamoo, anakunywa uji wa ulezi bila kubakiza, halafu anauliza. Nyumba ilijengwa mwaka gani? Kaburi ni la nani? Mpaka wetu wa zamani uliishia wapi? Kisha anazunguka nyumba akihesabu hatua na kuandika kwenye daftari. Mama alimpenda. Mimi nilijiuliza mtu mwenye migomba kwao anatafuta nini kwenye baridi yetu hii. Nikamwambia Mama waziwazi kwamba mgeni anayehesabu hatua kuzunguka nyumba yako hahesabu kwa heri yako.

Mwezi wa Machi alikuja na wenzake wawili wakachimbia vyuma vinne, hivyo wanavyoviita bikoni, viwili mbele na viwili karibu na kaburi. Alitaka kutueleza maana yake, nikamwambia tuna kazi. Tangu siku hiyo nilimshika Mama sikio mchana na jioni, nikimwambia kwamba Andwele ametuuza, mpaka akaamini. Siku moja Andwele alimwamkia mbele ya wanawake kisimani, Mama hakuitika marahaba. Kijana wa watu aliinamisha kichwa, na kwetu hakukanyaga tena. Mimi nilifurahi, Dada. Nasema kweli yangu.

Mwezi wa Oktoba wakubwa walikuja kutoka Wizarani kukagua. Walizunguka, wakaangalia karatasi, wakabishana, na walipoondoka nyumba yetu ilikuwa na alama ya X ya rangi nyekundu ukutani. Tumepewa mpaka mwisho wa Desemba. Mama alikaa chini palepale uani, akalia. Mimi nilitukana kwa Kifipa na kwa Kiswahili.

Wiki iliyopita nilikutana na Zenon, mtoto wa shangazi, ambaye sasa ni tarishi pale Ardhi. Alinieleza kitu ambacho sikukitegemea. Andwele alikuwa amepima upya. Barabara aliisogeza ipite kwenye uwanja mtupu wa soko la zamani, na zile bikoni zilikuwa za kuonyesha kwamba nyumba ya Mama na kaburi la Baba viko nje ya kiwanja cha hoteli. Wakubwa walikuja tayari kupitisha, lakini hawakuona bikoni hata moja. Wakamcheka, wakasema amepima akiwa mezani anakunywa chai, wakarudia ramani ya kwanza. Aliapa kwamba alizichimbia. Sasa ameandikiwa barua ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi.

Dada, ni mimi niliyeziondoa.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi. Nilimdanganya Mama kwamba tumbo linaniuma, na watu wote walipokuwa Misani nikang'oa vyuma vyote vinne. Ulikuwa ndio msimu wa kulima ntumba, haya matuta yetu ya mviringo, nyasi zimelazwa na udongo unafunikwa juu. Nikafukia kila chuma ndani ya ntumba yake, nikapitisha jembe hata palipokuwa na mashimo. Nani angefukua ntumba kabla nyasi hazijaoza? Kazi ile niliifanya kwa ustadi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nikasahau kwamba mvua zikianguka ntumba hufunguliwa. Jana nilikwenda mashineni kusaga. Niliporudi nikakuta Mama na majirani wameanza kusambaza udongo ili wapande ulezi, na vyuma vinne vimepangwa barazani, vimeoshwa. Mama alikuwa amewaka kwa hasira. Anasema huu ndio ushahidi, kwamba Andwele alivificha shambani kwetu ili tufungwe. Kesho asubuhi yeye na Mzee Kasimiri wanavipeleka ofisini kumshitaki. Majirani wote walinigeukia, wakasema Polikarp aliona mbali. Nikasema nakwenda kuangalia kuku.

Nimeamua kutangulia. Kesho alfajiri nitamwambia Mama, na ofisi ikifunguliwa niwe mlangoni na vyuma vyangu, niseme vilichimbiwa kweli, na mikono iliyoving'oa ni hii. Bila maneno yangu hakuna atakayemwamini Andwele, na nyumba itabomolewa. Zenon anasema kung'oa bikoni ni kosa la kufungwa. Bado sielewi kwa nini yule kijana alihangaika hivyo kwa watu wasio wake, na moyo wangu mbaya unaendelea kutafuta sababu.

Kwa hiyo nakuomba upande lori la kwanza kutoka Wampembe. Mama asibaki peke yake, na ulezi haujapandwa. Shemeji atakuelewa.

Wasalimie watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Mama yupo hapa karibu, ameuliza namwandikia nani muda wote huu, nikamwambia ni wewe. Anakusalimu sana. Anasema nikuandikie usiwe na wasiwasi wowote juu ya nyumba, kwa sababu Polikarp yupo na macho yake yako wazi.

Ni mimi mdogo wako,
Polikarp