Njia ya Mawe Siionyeshi

Jumamosi. Mvua imeosha vumbi lote la Bunia, hewa ni safi, na mimi nina hasira tangu asubuhi.

Wengine mvua ikikatika wanaanika nguo. Mimi navaa buti na kutoka. Maji yakishuka kwenye barabara za udongo huko nje ya mtaa wa Nyakasanza yanaacha mawe wazi pembeni, nami natafuta ya aina moja tu: ya duara, mabaya kwa sura, mepesi kuliko yanavyoonekana. Nikilipata nalifunga kwa kipande cha kitenge ili vipande visiruke, nalipiga nyundo. Ndani kuna tundu lililojaa fuwele, zinang'aa kama chumvi ya mawe.

Majirani zangu wa mtaa wa Ngezi wanasema nimerukwa na akili. Mwanamke mzima, mshonaji mwenye wateja, anainamainama barabarani! Waseme. Katika mji huu ambao kila mara tunaambiwa njia ipi haipitiki, kuokota kitu kizuri kisicho na faida ni raha yangu, na siombi ruhusa.

Juzi nilipata kubwa kuliko yote, kando ya shamba la Mama Furaha. Alikimbia vita kule Djugu. Hapa amepewa kipande cha ardhi, amepanda maharagwe na mihogo. Aliacha jembe akaja kuangalia nikilipasua. Tulicheka kama wasichana. Nikaenda nalo nyumbani, nikaliweka juu ya kabati.

Leo Yaya Dieudonné, kaka yangu mkubwa, amekuja kunywa chai. Yeye ni mchimba dhahabu. Ameliona, kikombe kikabaki hewani. Fuwele za namna hiyo wachimbaji wanaziita kwatzi, dalili ya dhahabu, ambayo wao huiita or, na wakiziona mahali wanachimba kwanza, wanauliza baadaye.

"Ulilokota hii fasi gani?"

"Njiani."

"Njia gani? Fasi kwatzi iko, na or iko! Unionyeshe, dada."

"Yaya, sionyeshi."

Amebembeleza. Amepiga meza. Amesema niko na roho mubaya, nataka watoto wake walale na njaa. Hilo limeniuma, maana watoto wale nawapenda, na nyumba yao najua ilivyo.

Lakini nimeona mashamba waliyopitia wachimbaji. Yanabaki mashimo yenye maji ya njano, na mwenye shamba anaambiwa pole. Mama Furaha ameshapoteza shamba moja kwa bunduki. La pili halitapotea kwa mdomo wangu.

Hapana.

Ameondoka akisema atanifuata kila nikitoka, na kesho baada ya misa atakuja na wajomba wote wanihoji.

Basi ile njia nimeiaga. Inaniuma kuliko ninavyotaka kukubali. Mawe mengine bado yako pale, nayajua, na si mimi nitakayeyapasua. Nitazunguka njia zote zisizo na kitu. Anifuate mpaka viatu vimwishie miguuni.

Viti nimeshaazima kwa jirani. Sukari ipo. Nitawapikia chai, nitawasalimu kwa heshima zote, nitakaa mbele yao na kusikiliza mpaka wamalize.

Sijawahi kumkatalia mjomba yeyote tangu nizaliwe. Kesho naanza.