Birika Nililoliruka

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na kwamba wifi bado anakusahihisha mahubiri mezani kabla hujaenda kutuaibisha kanisani. Huku afya ni njema, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Maelezo yako ya hema ya kukutania yalifika, na kina mama wa ushirika wetu waliyapenda mno. Niliwasomea ulivyoandika kwamba kila nyumba ina hema yake: meza ya chakula ndiyo meza ya mikate ya wonyesho, taa ya sebuleni ndiyo kinara, na jiko la mkaa ndilo madhabahu, mtu achome kiburi chake hapo kila asubuhi. Mshonaji wetu, yule mwenye mdomo, akasema kwa kiburi cha mumewe gunia moja la mkaa halitatosha. Tulicheka hadi machozi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya birika la shaba, pale makuhani waliponawa kabla ya kuingia hemani. Nikaliruka, nikaenda moja kwa moja kwenye kinara. Mshonaji akaniuliza mbele ya wote mbona nawaingiza ndani bila kunawa. Nikasingizia muda. Kaka, muda ulikuwepo tele.

Kazi yangu hospitalini unaijua: naosha vyombo vya upasuaji, navifunga kwa kitambaa, navitia kwenye mashine ya mvuke. Kila furushi tunalibandika utepe wenye mistari hafifu, na anayelifunga anaandika tarehe juu yake kwa mkono wake. Mvuke ukipenya sawasawa, mistari inakuwa myeusi tii. Isipokuwa myeusi, furushi halitoki. Aliyenifundisha hayo ni kiongozi wa zamu yetu, mtu mzima tunayemwita Mama Mvuke, anayekagua tepe kama mzazi anayekagua masikio ya watoto kabla ya shule.

Wiki tatu zilizopita mwalimu mmoja wa chekechea alipasuliwa tumbo hapa. Siku ya nne kidonda kikatunga usaha, homa ikampanda, wakamfungua tena. Namshukuru Mungu, sasa anakaa kitandani na kula mwenyewe. Matroni akataka kujua nani alitayarisha vyombo. Kitabu cha zamu kilikuwa na sahihi ya Mama Mvuke. Alipoitwa, alijibu tu kwamba sahihi ni yake. Wakamsimamisha kazi, na kesho kikao kinakaa kumfukuza, naye amebakiza miaka miwili tu astaafu.

Wenzangu wanasema amezeeka, macho yamekwisha. Nami, Mungu anisamehe, niliitikia kwa kichwa.

Jana alikuja kuchukua viatu vyake kabatini, akanikuta kwenye sinki. Hakunigombeza. Alinishika mkono ukiwa bado na povu, akaniwekea kiganjani kipande cha utepe. Akasema alikibandua kwenye kitambaa kilichorudi kutoka chumba cha upasuaji siku ile, na kwa kuwa mwandiko ni wangu, ameona anirudishie mwenyewe. Kisha akaniuliza kama wanangu hawajambo, akaenda zake.

Ndiyo, Kaka. Ni mimi. Siku ile umeme ulikatika mashine ikiwa katikati, na chumba cha upasuaji kilipiga simu mara tatu kikidai vyombo. Mistari ilikuwa bado hafifu. Nikabandua utepe mweusi kwenye furushi la jana yake, wenye tarehe ya jana yake, nikaubandika pale, nikalipeleka kwa miguu yangu. Kwenye kitabu niliacha mstari wazi, maana niliogopa kuusaini uongo wangu. Jioni Mama Mvuke akadhani nimesahau, akanisainia.

Uliandika kwamba birika lile lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, kwa hiyo hunawi pale bila kujiona. Hapo ndipo niliposhindwa. Nanawa kutwa, Kaka, hadi ngozi inachubuka, na wiki zote hizi sijathubutu kuutazama uso wangu.

Nilitaka nikutumie utepe huu ndani ya bahasha unifichie. Usiutafute, haumo. Asubuhi hii nimeubandika kwenye kitabu, kwenye mstari wa siku ile, na chini ya sahihi ya Mama Mvuke nimeandika jina langu lote. Kitabu kiko mezani kwa matroni, nami nakuandikia kwenye benchi nje ya mlango wake. Kazi najua imekwenda, na pengine si kazi tu. Nikichelewa kurudi nyumbani, wewe na wifi mje muwachukue wanangu. Waambieni ukweli, msiwapake maneno matamu.

Nisalimie wifi na wote hapo nyumbani. Niombee, Kaka, ila usiombe nisionekane na kosa.

Mlango unafunguka. Naitwa.

Mdogo wako,
Kitindamimba