Gari Yangu Inakataa Kunywa

Jumanne, 6 Agosti 2024

Gari inakataa kunywa! Jacques, mutoto yangu wa mwisho, eti ndiye shofere, amemimina esansi kidogo tu — puu! Imerudi yote kwenye suruali yake. Ananuka kama taa. Nimecheka kwanza, kisha nimegomba. Jumamosi tunapeleka mujukuu yangu Espérance kwa bwana yake kule Swima, naye ananiletea gari ya kutapika. Kumbe inakataa tangu wakati wa mvua! Alikuwa anamimina kidogo kidogo na kuninyamazia.

Mi sifiki Swima na tangi tupu. Hapana. Mwaka jana tulipeleka dada yake, Nadège. Tukafika kwa bakwe, tukakaa ndani ya gari kama inavyotakiwa: bibi-arusi na bamama zake habashuki mpaka kitu kizuri kitoke. Ukiona wanaleta kidogo, unasema: geuza gari, tunarudi na mutoto yetu! Nikasema hivyo, kwa sauti. Mujomba wa bwana akachungulia ndani, kwenye sindano inayoonyesha esansi. Imelala chini kabisa. Akacheka, akasema: geuzeni basi, tuone mtafika wapi.

Tukashuka kwa kuku mumoja. Na kuku mwenyewe alikuwa anakohoa.

Safari hii tangi itajaa mpaka mudomoni. Nimeapa.

Jumatano, 7 Agosti

Jacques anasema kosa ni ya Darius, kadhafi wetu, anayeuza esansi ya bidoni kando ya barabara. Eti ameitia maji. Nimeenda mwenyewe. Darius amemimina kidogo ndani ya chupa nyeupe, ameiinua kwenye jua: Koko, bibi yangu, nionyeshe, maji iko wapi? Kweli, maji hakuna. Nimemuambia esansi yako ni safi, sasa nawa mikono ifanane nayo.

Tumerudi nyumbani. Tumesimamisha gari kwenye muteremko, kichwa chini. Halafu kichwa juu. Tumekata chupa ya maji tukafanya mudomo mupya wa kumiminia. Bamama ba korali balikuwa bamekuja kujifunza nyimbo za Jumamosi. Nimebaambia msisimame bure, tikiseni gari, labda esansi itashuka. Bametikisa wakiimba. Gari imecheza vizuri kuliko bale ba sauti ya pili!

Jacques amemimina. Puu!

Alhamisi, 8 Agosti

Fundi Jérémie hakuja. Ana malaria, ao ana uvivu. Nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Ukiwa na hasira, sombe inalainika upesi.

Espérance anasema: Koko, tupande tu piki-piki. Nimemuambia piki-piki apande mama ya Jérémie.

Ijumaa, 9 Agosti

Jérémie amekuja! Ameingia chini ya gari, tunaona miguu tu. Amefungua bomba kubwa la kumiminia: safi. Kisha amefika kwenye bomba lingine, dogo kama kidole, linalotoka juu ya tangi. Amesema: Koko, hii ndiyo pua yake. Esansi ikiingia, hewa inatokea hapa. Pua ikizibwa, tangi haimezi. Ameipuliza. Mashavu yamejaa, macho yametoka nje. Wapi! Ameingiza waya, amechokoa, amechokoa — kitu kimemuangukia mukononi. Cha njano. Amekinusa.

Sabuni. Sabuni yangu ya mawese, ile mi mwenyewe napika!

Nimemuangalia Jacques. Jacques ameangalia kuku.

Ukweli umetoka polepole. Wakati wa mvua aliona tangi inadondosha esansi kwenye tundu dogo, akaliziba na sabuni, kama bashofere bote ba hapa. Sawa, hiyo naelewa. Kisha akaona na ile pua inadondosha. Akasema wacha nizibe na hapa, sabuni imebaki. Sabuni imebaki! Imebaki ya nani?

Na mi, tangu mvua, nasema ni jirani yangu Adolphine aliiba kile kipande cha sabuni kwenye jiwe la kufulia. Nimesema kwenye bomba la maji, tunapochota. Nimesema hata mbele ya korali.

Tumemimina. Imekunywa! Glu, glu, glu, kama mulevi siku ya mshahara! Sindano imepanda, imepita nusu, imegonga juu kabisa. Sijawahi kuiona pale. Nimepiga vigelegele, Jérémie naye ameruka. Jacques alitaka kuruka, nimemuambia wewe tulia.

Jioni nimeenda kwa Adolphine. Nimemuambia: kesho unakaa mbele, kwenye dirisha. Amenitazama. Mbele? Mimi? — Usiulize maneno mingi, vaa kitenge kizuri. Nimeacha sabuni nzima mulangoni pake, nikatembea haraka.

Jumamosi, 10 Agosti

Swima! Tuko ndani ya gari, mbele ya kiwanja cha bakwe. Adolphine kwenye dirisha, mi katikati. Bamama nyuma banaimba tangu kijiji cha Nundu, sauti zimekauka, habanyamazi. Espérance anacheka chini ya kitambaa chake.

Bameleta mbuzi mumoja. Munene, sikatai. Nimesema huyu anaona haya kutembea peke yake.

Florentine, mama ya bwana, amejibu mbele ya bantu bote: Mukwe, shukeni tu, gari yenu tunaijua, habari ya kuku ilitufikia! Bamecheka sana. Adolphine ameshusha kioo: basi sogea uangalie. Florentine ameingiza kichwa mpaka kwenye usukani. Ameona sindano. Ameangalia tena. Kicheko kimekwama kwenye meno.

Nimesema: Jacques, washa.

Imewaka! Tunarudi nyuma polepole, naandika na herufi zinaruka. Bamama bameanza wimbo wa kwaheri. Florentine anatembea kando, ameshika mulango, anaita bantu ba ndani. Espérance ananifinya: Koko, usifike mbali! Nyuma ya nyumba kuna kelele, vumbi, mbuzi mwingine analia, banamukimbiza — Jacques anauliza: Mama, nisimame?

Ngoja. Naona vumbi tu. Pembe za mbuzi wa pili bado—