Nguzo za Nyumba ya Mzee Kondo

Jumatatu, 5 Februari 1973

Siku ya tisini na mbili ya eda. Nimefagia. Nimeshona mashati mawili ya shule. Chai bila sukari, sukari haijaja dukani. Baiskeli ya marehemu Salum bado imeegemea ukuta. Nimeifuta vumbi tena. Sijui naifutia nini.

Jioni kaja shemeji Hamisi, mdogo wake Salum. Ndiye anayenihangaikia mambo ya nje, maana mimi sitoki. Alikaa koridoni, mimi ndani, pazia katikati. Mzee Kondo bado anatuuzia nyumba yake ya Mwananyamala, ile aliyoichagua Salum kabla homa haijamchukua. Ila anataka jibu mwezi huu. Kuna mtu wa Manzese naye anaitaka. Na mwenye nyumba wangu hapa anangoja eda iishe, chumba hiki ampe mwanawe anayeoa. Kwa hiyo ni nyumba ile, au nirudi Kilwa kwa kaka nikalale na watoto wake.

Nimesikia yote. Sikuhisi kitu.

Alhamisi, 8 Februari

Nimemwomba Hamisi ampeleke fundi Chilumba akaikague nyumba kabla hatujalipa. Haoni haja. Salum aliikagua mwenyewe, Oktoba. Ni kweli. Alirudi akinieleza alivyogonga kuta za vyumba vyote sita kwa kiganja, akasema nyumba imesimama kama askari. Alikula sahani mbili siku ile. Lakini Salum alikuwa mtu wa mashine za kiwandani. Hajawahi kujenga hata banda la kuku.

Chilumba namwamini. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo. Alikuja darasani mtu mzima mwenye wajukuu, hajui a wala be, anashika kalamu kama mwiko wa kupigia lipu. Hakukosa hata siku moja.

Jumapili, 11 Februari

Hamisi kaleta jibu. Fundi kasema nyumba ni nzima. Kuna ufa mdogo chumba cha nyuma, chokaa itatosha. Alisema harakaharaka. Uso sikuuona. Nikasema alhamdulillahi, ndilo neno lililokuwepo.

Malipo Jumamosi, mbele ya balozi wa nyumba kumi.

Jumatano, 14 Februari

Joto. Sukari hakuna. Sina la kuandika.

Alhamisi, 15 Februari

Mke wa Chilumba kaja kunijulia hali. Wakati wa kuaga akafungua pindo la khanga, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa mumewe, herufi kubwakubwa, mistari imepanda kidogo kulia kama kawaida yake. Nainakili.

“Mwalimu, salamu. Nyumba nimeikagua. Nguzo kumi na moja zimeliwa na mchwa kwa ndani. Nje ni chokaa mpya. Ukuta wa nyuma umeegemea kabati la mpangaji. Kabati likitoka, ukuta unalala. Kenchi mbili za paa zimeoza. Mabati mazuri. Kutengeneza ni gharama kubwa. Shemeji yako kaniomba nisikwambie, una majonzi. Kusema sijasema. Nimeandika.”

Nilichukua penseli nyekundu nikaanza kuweka vema, mstari kwa mstari, kwa mazoea. Nilifika kwenye kabati ndipo nikaelewa ninachosoma.

Ijumaa, 16 Februari

Nimemwita Hamisi baada ya sala. Nikamuuliza nguzo ngapi zimeliwa.

Akasema, “Sikutaka kukuongezea, shemeji. Nilisema ukishahamia nitakuja kuzibadilisha mojamoja, taratibu.”

“Niko eda, shemeji. Sijafa mie.”

Alilia. Hakutaka nijue kuwa kaka yake alidanganywa na chokaa. Nikamwacha alie. Mimi machozi hayakuja. Ilikuja hasira, wala si ya Hamisi. Nimemkasirikia Salum. Mtu anakagua nguzo kwa kiganja. Miezi mitatu sijahisi lolote, na cha kwanza kuja ni hasira kwa marehemu. Naandika ili nisije nikakana.

Jumamosi, 17 Februari

Fedha haikutoka. Hamisi kasema mjane ataiona nyumba kwa macho yake kwanza. Mzee Kondo kanuna. Nyumba kajenga baba yake, masika ngapi zimeipita. Balozi akamwambia mjane haharakishwi. Basi atangoja eda iishe, ila yule wa Manzese akitangulia, tusimlaumu.

Usingizi umekuwa wa shida. Naiona Kilwa.

Jumanne, 6 Machi

Wa Manzese kaenda na fundi wake. Fundi kachoma nguzo moja kwa bisibisi, wakaaga. Leo Mzee Kondo kanitumia salamu mara mbili.

Jumatano, 14 Machi

Eda imeisha jana. Nimeoga, nimevaa khanga mpya. Watu walidhani nitaanzia kwa ndugu. Nimekwenda Mwananyamala. Jua liliniumiza macho.

Chilumba alinionyesha nguzo ya chumba cha nyuma. Alipokwangua chokaa, niliingiza kidole mwenyewe. Kikazama mpaka pingili ya pili. Ndani ni unga mtupu. Kisha, bila kupanga, nikaigonga kwa kiganja pale ambapo chokaa haijaguswa. Ilitoa sauti ya kitu kizima kabisa. Nikaigonga tena. Hata mimi ningedanganyika. Hasira ikaniishia palepale.

Mzee Kondo kapunguza bei, bila kunitazama. Itabidi vyumba viwili vya nyuma vibomolewe mpaka chini, zinunuliwe nguzo mpya za mikoko, simenti tuiandikie foleni. Akiba ya Salum itafika kwenye vifaa. Kwa ufundi haifiki.

Nikamuuliza Chilumba kama anajua kuendesha baiskeli. Anajua. Ya Salum ndiyo ujira wake.

Jumatatu, 26 Machi

Siku ya nne nyumbani kwangu. Chumba cha mbele, kulia. Nyuma kumebomolewa, kabati la mpangaji liko uani chini ya mabati. Mvua imeanza. Kwangu hakuvuji.

Asubuhi kengele ya baiskeli imelia barabarani mara mbili, kama alivyokuwa akiipiga Salum akitoka zamu ya usiku. Nikainuka. Nilikuwa nimeshamimina vikombe viwili ndipo nikakumbuka.

Alikuwa Chilumba, kaja kazini. Chai ilikwishamiminwa, nikampa yeye. Nikarudi ndani nikalia, mara ya kwanza tangu Novemba. Kisha nikashona.