Kwa Ermindo, Kinyozi Aliyekwenda Kuiona Bahari

Mwaka umetimia leo, Ermindo, tangu baridi ya mlimani ikuchukue ukiwa peke yako katika kibanda cha mawe, siku chache tu kabla ya kuiona bahari.

Ulikuwa kinyozi wa mji wetu wa Jáchal kwa miaka thelathini na moja. Mtoto aliyeogopa mkasi ulimwimbia kwa sauti mbaya mpaka akacheka akasahau kulia. Wagonjwa uliwafuata vitandani kwao, ukawanyoa, ukaaga bila kuonja hata maji. Mimi ulinichemshia maji ya yerba, chai yetu ya kunywea kibuyuni, kila asubuhi kabla sijaamka, na ukijua nimekasirika ulikiacha kibuyu mlangoni ukaondoka kwa kunyata.

Waongoza nyumbu wa mizigo waliokuja kunyolewa ndio waliokuharibu. Walikaa kwenye kiti chako wakisimulia mapito ya milimani, theluji, na bahari ya upande wa Chile, nawe ulikuwa hujawahi kufika mbali kuliko mji wa San Juan. Ulipotimiza miaka hamsini na tisa ulifunga duka, ukabandika karatasi: "Nimekwenda. Nyoeni wenyewe." Mji mzima ulicheka. Mimi nilikununia siku tatu.

"Delmira," uliniambia, "nimetazama visogo vya watu maisha yangu yote. Acha nitazame kitu kisicho na mwisho kabla sijafa."

Siku ya nne nilikushonea mfuko ndani ya koti, wa kuwekea daftari lako.

Ulikwenda na Galo Montaño, rafiki yako tangu darasa la kwanza, baba wa ubatizo wa binti yetu Rosenda. Yeye alijua njia, wewe ulikuwa na nyumbu wawili. Barua zako zilitufikia kwa mikono ya wachungaji. Uliandika kwamba umeoga katika chemchemi ya moto huku theluji ikikudondokea kichwani. Uliandika kwamba umenyoa kambi nzima ya wachunga mbuzi, wakakulipa jibini. Sijawahi kukuona na furaha ya namna hiyo, na nakiri nilianza kukuonea wivu.

Mwezi wa nne Galo alirudi kwa basi, peke yake, na chupa ya maji ya bahari. Alihojiwa redioni jinsi alivyovuka mlima. Nyumbani kwetu alikunywa yerba yangu, akaniambia mliachana njia panda, kila mtu na nyumbu wake, kwa sababu wewe hukutaka tena kurudi.

"Labda amepata mtu kule pwani, shemeji," alisema. "Unatujua wanaume wa umri wetu."

Maneno hayo aliyasema na kwingine. Kwa miezi sita nilikuwa nikiingia dukani kununua mkate, wanawake wananyamaza. Na hili nakuomba unisamehe, mume wangu: kuna wiki ambazo nilimwamini.

Theluji ilipoyeyuka mwezi wa kumi, mimi na Rosenda tulipanda na mzee Hilario Pastén, ambaye ameongoza nyumbu milimani tangu ujana wake. Siku ya sita tulikukuta. Ulikuwa umeketi, mgongo ukutani, mguu wa kushoto umevunjika na kufungwa kwa vijiti viwili na mshipi wako. Hukuwa na blanketi. Hukuwa na nyumbu. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko niliokushonea.

Askari wa mpakani walikuja kuukagua mwili. Daftari nililificha kifuani, nikawaomba Rosenda na Hilario wafunge midomo yao.

Kwenye mazishi Galo alilia kuliko mimi. Alishika jeneza upande wa mbele. Alinikumbatia akasema, masikini, kumbe alipotea njia. Nilimshukuru. Nilikwisha kusikia kwamba chama cha wapanda nyumbu kitamvisha poncho, joho la sufu la heshima, katika sherehe za Novemba, kwa kuvuka mlima peke yake. Basi wiki ileile nilifungua duka lako. Kazi ulinifundisha mwenyewe tulipokuwa wachumba, na hapa mjini Galo hajawahi kunyolewa kwenye kiti kingine.

Asubuhi ya sherehe alikuja, amevaa buti mpya. Watu watano walikuwa wanasubiri zamu. Nilimlaza, nikampaka povu, nikanyoa shavu la kulia taratibu, vizuri, kama ulivyonielekeza. Kisha nikauweka wembe chini ya kidevu na kumwambia Rosenda asome.

Alisoma bila kulia. Siku ya kwanza uliandika kwamba Galo amechukua nyumbu wote wawili na mablanketi ili aende haraka, na atarudi kesho jioni na askari. Siku ya pili uliandika kwamba umesikia kengele ya nyumbu, lakini ulikuwa upepo. Siku ya tatu uliandika: "Galo amechelewa. Naomba asiwe ameanguka." Siku ya nne mwandiko wako ulikuwa umepinda. "Mkimwona Galo, mwambieni asijilaumu."



"Shemeji, huo wembe," Galo alisema.

"Mkono wangu hautetemeki. Kituo cha askari kilikuwa umbali gani?"

"Nusu siku. Kurudi nyuma."

"Na wewe ulikwenda wapi?"

Alifumba macho. "Mguu ulikuwa umevimba, Delmira. Angekufa tu. Nami nilikuwa karibu kufika. Ningerudi nyuma, theluji ingefunga njia, nisingeiona bahari."

Wale watu watano walimsikia. Naapa, Ermindo, kwa kitambo kidogo mkono wangu ulitaka. Rosenda aliniita mama, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Nikaufuta wembe, nikamvua kitambaa.

"Nenda kwenye sherehe yako," nilimwambia.

Alitoka hivyo hivyo, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu, akakatiza uwanja wakati bendi inapanga viti. Habari ilikuwa imemtangulia. Ile poncho ilikunjwa ikarudishwa sandukuni. Siku hizi akiketi mahali, kibuyu cha yerba kinachopitishwa mkono kwa mkono kinamruka. Daftari liko kwa mwendesha mashtaka, na kesi inaendelea. Sijui mahakama itasema nini. Najua Jáchal imesema nini.

Juma lililopita padre alinijia. Galo anaomba msamaha, alisema, na angependa kuhudhuria misa yako, aketi nyuma kabisa.

"Mwambie apande mpaka kwenye kile kibanda," nilimjibu. "Akae siku nne bila blanketi. Akishuka, tutazungumza."

Padre alinikumbusha kwamba wewe mwenyewe ulimsamehe, kwa mwandiko wako.

"Hakusamehe, padre," nilisema. "Hakujua. Alikufa akimwombea mtu ambaye saa ileile alikuwa ufukweni anajaza chupa."

Padre alisema hakuna huruma ndani ya maneno yangu. Nikamwambia amesikia sawasawa.

Wewe ulikuwa mtu mwema kuliko mimi, Ermindo. Kila mtu hapa anajua. Lala bila kinyongo, kama ulivyoishi. Kinyongo nimekibeba mimi, na bado nina nguvu.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Delmira. Binti yako Rosenda na mumewe Fabricio. Wajukuu zako Nahuel na Jacinta. Dada yako Eduviges. Na mzee Hilario Pastén, aliyekushusha mlimani kwa nyumbu wake. Misa itasomwa Jumapili saa nne asubuhi. Wote mnakaribishwa. Galo, kama unasoma tangazo hili, viti vya nyuma vimejaa.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Ermindo. Na yeye hatutamsahau.